Alama ya Tembo Kwenye Ekseli

Kwa miaka mingi, na nasema miaka ya utu uzima, si ya utoto, nilisadiki kwamba huko Ulaya, ndani ya kiwanda kikubwa kuliko Bukavu nzima pamoja na vilima vyake, kuna tembo aliyeajiriwa. Kazi yake ilikuwa moja tu: kukanyaga ekseli za nyuma za malori. Walimvalisha kiatu cha chuma chenye msumari mmoja wa mviringo chini ya wayo. Ekseli ikilazwa mbele yake, anaweka mguu, anashusha uzito wote, anangoja kidogo, kisha anaondoa. Iliyopinda inatupwa. Iliyobaki imenyooka inakuwa na alama yake: kishimo kidogo cha duara, kama punje ya mtama, kwenye ncha yake pana. Ekseli yenye kishimo hicho haivunjiki mpaka mwisho wa dunia. Wengine waliongeza kwamba tembo mwenyewe ni mtoto wa kwetu, alichukuliwa mdogo katika msitu wa Kahuzi, na kwamba ekseli zinazokuja Kivu huzikanyaga kwa bidii zaidi kwa sababu anazijua barabara zetu. Hilo nalo nilisadiki. Nilikuwa na mke, nilikuwa na watoto wawili, nilikuwa napiga kura.

Ekseli ninayosema ni ile fimbo ya chuma, nene kama mkono wa mwanamume, iliyofichwa ndani ya mfupa wa nyuma wa lori na kulizungusha gurudumu. Mfupa wenyewe sisi tunauita pon. Gereji yetu ilikuwa juu kidogo ya mtaa wa Nyalukemba, kwenye mteremko mkali kiasi kwamba spana ikikuponyoka mkononi unaifuata ziwani. Kazi kubwa pale ilikuwa kuimarisha pon. Lori lililoundwa kubeba mzigo wa lori moja, kwetu hubeba mzigo wa malori mawili na harusi juu yake. Kwa hiyo tuliongeza vyuma vya springi, tukakata bamba nene kutoka gari lililokufa, tukalichomelea chini ya pon kama mkaja wa mama aliyejifungua. Kisha tulijaza mawe kwenye karosri, pale pa kubebea mzigo, na wafanyakazi wote tukapanda juu kurukaruka, huku tukiimba nyimbo za misa. Jirani mmoja alidhani sisi ni kwaya. Alikuja kuuliza mazoezi ni siku gani.

Hiyo ilikuwa kwa pon. Ekseli yenyewe ilipimwa kwa unga wa muhogo.

Mtu asicheke. Unaiosha ekseli kwa esansi, yaani petroli, mpaka ing'ae. Unaipaka mafuta ya taa, unaiacha iyanywe, kisha unaikausha kwa kitambaa mpaka iwe kavu kama mdomo wa mwenye deni. Halafu unaipakaza unga mweupe, mkavu, mwembamba, unaigonga taratibu kwa nyundo na kungoja. Kama kuna ufa, hata ule ambao jicho haliuoni, umekwisha kuyanywa mafuta, sasa unayatapika. Kwenye unga mweupe unatokea mstari mweusi kama unywele. Bosi wetu, muzee mfupi aliyevaa kofia ya sufu hata siku ambazo jua lilitaka kutuua sote, alijifunza hivyo kwa bosi wake, naye kwa bosi wake. Hakuna ekseli iliyotoka pale bila unga. Mama aliyetuuzia unga alikuwa na kikombe maalumu cha gereji, na watu wa mtaa walisema vyuma vyetu hula vizuri kuliko sisi.

Habari ya tembo ilitoka kwa muuza vipuri. Huyu alikuwa akileta ekseli zilizotumika kwingine, amezifunga kwenye magunia, na anapofungua gunia hutanguliza ile ncha yenye kishimo.

"Muzee, angalia. Tembo alisha pita hapa."

"Tembo alipita," bosi alijibu bila hata kuinama, "na ufa unaweza kupita nyuma yake. Miye ule tembo sijamuonaka. Unga, njo niko naona."

Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka. Nilimwangalia muzee wangu kwa huruma, nikajiambia kwamba umri ni kitu kibaya. Mtu wa kofia ya sufu na kikombe cha muhogo anashindana na tembo mzima!

Sasa niseme juu ya kaka yangu. Alikuwa mkubwa wangu kwa miaka kumi, nami nilimwita yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu. Baba alipofariki yeye ndiye aliyenilea, akaacha shule ili mimi nimalize ya msingi. Akawa dereva wa njia ya Shabunda. Kama hujaiona njia hiyo, sitaweza kukueleza. Kuna mashimo ambamo dereva huingia Jumatatu na kumsalimia aliyeingia Jumamosi. Alipeleka chumvi, sabuni na mabati hadi pale gari linapokubali, na kutoka pale pikipiki na migongo ya watu ilimalizia. Alikuwa mtu wa kungoja. Wenzake walikuwa wakitukana matope. Yeye alikuwa akiketi kwenye ubao wa mlango anakula mahindi ya kuchoma hadi matope yachoke. Akiondoka au akirudi, alipiga honi mara tatu chini ya nyumba yake Nyalukemba, na mkewe, ambaye ni fundi cherehani, alisimamisha cherehani hata kama sindano iko katikati ya mshono.

Siku yenyewe bosi alikuwa amekwenda Kalehe kumzika dada yake. Aliniachia funguo, nami nikazivaa kiunoni kama mtakatifu Petro. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, mvua ya Bukavu ile ambayo hata sambaza, dagaa wa ziwani, hutafuta mwavuli. Kaka alileta lori lake. Ekseli moja ya nyuma ilikuwa imejisokota kama kamba. Alikuwa amepata nyingine kwa yule muuza vipuri. Nikaigeuza ncha. Kishimo kilikuwepo, duara safi, kizuri. Karibu nikipigie saluti.

Kaka alikuwa ameketi juu ya tairi, gunzi la mahindi mkononi.

"Mudogo," aliniambia, "utaipakala unga?"

Nilikwenda kwenye debe la unga. Unyevu ulikuwa umeingia. Unga umeshikana mabonge. Unga wa namna hiyo hauonyeshi kitu. Ilitakiwa kungoja jua, au kungoja yule mama aje na mwingine mkavu, labda kesho, labda kesho kutwa. Ningemwambia, angengoja. Nimeligeuza jambo hili kila upande kwa miaka yote, na kila upande linaniambia hivyo: angengoja, angekula mahindi yake.

Badala yake nilisema:

"Yaya! Tembo muzima, na kiatu ya chuma, alisha ikanyaga. Weye bado unataka kuuliza ugali?"

Alicheka mpaka gunzi likamdondoka. Alikuwa na kicheko cha kuanzia magotini. "Bon," akasema, akijifuta macho, "kama ni tembo, ni tembo."

Nikaifunga ekseli mwenyewe, nikakaza kila nati, nikazipitia zote mara mbili. Kazi ya mikono yangu siku ile ilikuwa nzuri, hilo naweza kuapa mbele ya askofu. Saa nane mchana akashuka, akapiga honi zake tatu Nyalukemba, akaenda.

Siku ya tatu alikuja konvayeri wake, mtu mzima mwenye mvi, ambaye kazi yake ilikuwa kusafiri juu ya mzigo na kuulinda. Alikuja kwa pikipiki, na matope yalikuwa yamemkaukia mpaka kwenye kope. Hakusalimia. Aliweka gunia sakafuni, akatoa kipande cha ekseli: ile ncha pana, na shingo yake fupi iliyokatika. Akatueleza akiwa amesimama. Walikuwa wanapanda mlima. Ekseli ililia kama bunduki, lori likaanza kurudi nyuma. Kaka alivuta breki ya mkono, lakini breki ya lori lile ilikuwa inashika kabla ya ekseli, karibu na injini. Ekseli ikishakatika, breki inashika hewa. Ya mguu peke yake haikuweza mzigo ule kwenye utelezi. Kaka alipiga kelele, watu waliokuwa juu ya mzigo waruke. Waliruka wote. Yeye alibaki na usukani, akalipeleka lori upande wa bonde ili lisirudi juu yao.

"Wote bako wazima," konvayeri alisema. "Wote. Yeye tu."

Mimi huwa natia chumvi, ndugu msomaji umekwisha kuona. Hapo sina cha kuongeza.

Matanga yalifanyika Nyalukemba, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi. Shemeji, mke wa kaka, alikuwa ameketi kwenye godoro chini, kati ya wanawake. Baba mdogo wetu, mkubwa wa ukoo, aliuliza mbele ya watu wote, kwa sababu lazima mtu aulize:

"Ile ekseli ilitiwa kwenu pale gereji. Ilikuwa muzima?"

Watu wote walinigeukia. Nilitazama kile kipande cha chuma, walichokuwa wamekiweka kwenye meza ndogo karibu na msalaba, nikasema:

"Ilikuwa na alama ya tembo."

Mnong'ono ukapita chumbani. Madereva wenzake wakatikisa vichwa. Habari ya tembo waliijua. "Basi," baba mdogo akasema, "kama ilikuwa na alama, ni Mungu." Na shemeji akaniinulia macho, akaniangalia kwa shukrani, kwa sababu nilikuwa nimeliondoa lile swali nyumbani mwake.

Bosi aliporudi kutoka Kalehe alinikuta peke yangu chini ya gari. Alichuchumaa, akaniuliza polepole: "Ulipakala unga?"

"Ndiyo, muzee."

Aliivuta kofia yake mpaka kwenye nyusi. Hakuuliza tena maisha yake yote. Lakini tangu siku ile unga alipakaza mwenyewe, kwa mkono wake, hata alipokuwa hawezi kuinama vizuri. Na mimi alinipa kazi ya kurukaruka juu ya mawe.

Shemeji alikichukua kile kipande cha ekseli. Akakifanya cha kukandamiza kitambaa mezani anapokata, maana upepo wa ziwa unaingia pale na kuchezea vitenge. Na kwa kuwa kutu ingechafua nguo za watu, kila Jumamosi alikipaka mafuta ya cherehani na kukikunja kwenye kitambaa safi, pale penye shingo iliyovunjika. Nilipokwenda kuwasalimia watoto, nilimkuta mara nyingi kidole chake gumba kiko kwenye kile kishimo, anakisugua huku akifikiria mikono ya gauni.

"Shemeki," aliniambia siku moja, "tembo alifanya kazi yake. Ni njia njo mubaya."

Ndipo nilipojiandikisha masomo ya jioni. Watu niliwaambia nataka diploma, na kweli nilijisifu mtaa mzima kabla hata ya kununua daftari. Nilisema nitatengeneza lori linaloruka juu ya matope. Lakini nilikuwa nataka kujua kwa nini ekseli yenye alama ilikatika. Na nilipokuwa nimekwisha kukaa pale, kwenye madawati ya watoto wa shule ya msingi, magoti yamenifika masikioni, nikaona kwamba sitaki kujua.

Mwalimu wetu wa ufundi alikuwa mzee aliyewahi kufanya kazi katika karakana ya kiwanda kimoja, na alivaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Kila jioni nilipita mbele ya meza yake. Swali lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Nilimuuliza juu ya mvuke, juu ya umeme, juu ya ndege, nilimchosha. Aliniita waziri wa maswali. La ekseli sikuuliza. Siku aliyotangaza kwamba kesho tutasoma jinsi vyuma vinavyopimwa, kesho yake nilipatwa na malaria. Ilikuwa malaria ya ajabu. Ilikuja saa kumi na moja na kuondoka masomo yalipokwisha. Daftari la mwenzangu nililinakili lote, isipokuwa kurasa zile.

Miaka ikapita, nikafaulu. Shemeji alinishonea suti ya siku ya diploma, suti iliyonifanya nifanane na gavana, ila gavana hana mabega kama yale. Akiwa ananipima, pini mdomoni, alisema:

"Siku ile nitakuja na ile chuma. Nataka mwalimu wako aione."

"Ya nini, shemeki? Ni siku ya furaha."

Alitoa pini mdomoni. "Watoto wamekuwa wakubwa. Ule wa kwanza anataka kuwa dereva. Ananiuliza: mama, kama tembo aliipima, kwa nini ilivunjika? Nimekosa jibu. Weye ulisoma, lakini hauniambiake kitu."

Usingizi uliniacha wiki nzima. Nilifikiri hata kumwomba mwalimu augue. Sikumwomba.

Siku ikafika. Tulipewa vyeti katika darasa lile lile, madirisha wazi, watoto wa mtaa wanachungulia. Nilipiga picha na watu ambao hata siwajui. Kisha nikamwona shemeji amesimama mbele ya mwalimu, amevaa kitenge chake cha Pasaka, anafungua kitambaa.

"Papa Prof, unisamehe. Iko kintu niko nataka uangalie. Bwana yangu alikufa nayo."

Mwalimu alivua miwani moja, akaipangusa, akairudisha juu ya nyingine. Alikipeleka kile kipande dirishani, akageuza ile shingo iliyovunjika kwenye mwanga. Kwa sababu ya mafuta ya Jumamosi zote zile, ilikuwa safi kama siku ilipoletwa. Alituita tusogee.

"Maman, unaona hapa? Hii nusu ni nyeusi, laini, iko na mistari mistari kama ya mti uliokatwa. Na hii nusu ingine inang'aa, iko na punje kama sukari."

"Ninaona."

"Hii yenye kung'aa, ilikatika siku ile. Hii nyeusi ilikatika zamani. Ufa ulikuwa unaingia pole pole, labda miezi, kabla bwana yako hajainunua. Siku ile kulikuwa kumebaki nusu tu."

Shemeji aligusa ile nusu nyeusi kwa kidole. "Na kama bangepakala unga? Pale gereji bakonaka na unga."

"Unga wa muhogo?" Mwalimu akainua uso, karibu atabasamu. "Ah, ile ya wazee. Ni nzuri ile. Ungeonyesha. Ufa kama huu, hata kipofu angeuona."

Shemeji ndiye aliyenigeukia, si mwalimu. Na mimi, mtu wa maneno, mtu wa kuongea mpaka redio ione haya, nilitafuta mzaha mmoja tu wa kujificha nyuma yake, nikakosa.

"Hatukupakala," nilisema. "Unga ulikuwa umelowa. Yaya aliniomba. Aliniomba, shemeki, na miye nikamucheka. Nilimuambia iko alama."

Watoto wa dirishani walikuwa wanapigana kwa ajili ya karanga. Shemeji alinyoosha mkono, nikadhani atanipiga, na ningeshukuru. Alitoa uzi uliokuwa umebaki kwenye bega la suti yangu. Aliuzungusha kidoleni. Hakuutupa, aliendelea kuuzungusha.

Nikakichukua kile chuma kutoka kwa mwalimu, nikageuza ile ncha pana, nikamwonyesha kishimo. Nilikuwa na diploma mfukoni na bado, nawaambia kweli, bado nilikuwa namngoja tembo.

"Lakini, Prof," nilisema, "alama iko hapa. Waliipima. Si waliipima?"

Mwalimu alikitazama kile kishimo, kisha akanitazama mimi, kwa upole, kama mtu anayekumbuka kwamba siku ya somo lile sikuwepo.

"Hakuna tembo," alisema. "Ni mashine. Inakandamiza kampira kadogo ka chuma juu ya ekseli, wanapima ukubwa wa kishimo, wanajua kama chuma ni kigumu au ni laini. Wanafanya vile siku inatoka kiwandani. Ufa unaokuja nyuma ya siku ile, hii alama haiwezi kuujua."